Mstari wa Sita, Kaburi la Pili

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini siku ile, nikujibu kabisa: chai ya rangi, kikombe kimoja, bila hata tangawizi. Na ilikuwa saa tisa mchana. Najua watu mnapenda mambo haya yatokee usiku wa manane, mbwa wanabweka na mwezi umejificha. Langu lilinikuta mchana kweupe, hapa hapa Nyakanazi, malori ya kwenda Rusumo yamejipanga barabarani na mama wa chipsi amehamishia jiko lake barazani kwa ajili ya mvua. Sikuota. Ningeota ingekuwa nafuu, maana ndoto ukiamka inaisha. Hili ninaamka nalo kila siku, na linaniaibisha upya kila siku.

Mimi ni fundi. TV, redio, sabufa, simu, chochote chenye waya nitakifungua. Ila kilichonipa jina ni kompyuta za zamani. Kuna zile za miaka ya themanini ambazo kibodi ndiyo kompyuta yenyewe, hakuna kasha lingine. Zilikuwa zinachomekwa kwenye TV ya chogo kupitia tundu la antena, na kumbukumbu yake ilikuwa kaseti ya kawaida, ile ile ya kusikilizia kwaya. Ukiipiga kaseti hiyo kwenye redio utasikia kelele kama za panya waliobanwa mlangoni. Kompyuta inaposikiliza, yenyewe inasikia maandishi.

Sasa TV za chogo zimekwisha, na flati hazizielewi mashine hizo. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Natoa lile kasha dogo la bati linalotuma picha kwenye antena, nabadilisha kapasita zilizovimba, nachomea bodi ndogo mahali pake, natoboa tundu mgongoni, natoa waya wa HDMI. Kitu kilichokuwa kimelala darini miaka thelathini kinawaka kwenye flati, herufi zimenyooka kama mistari ya daftari. Nilijifunza kwa video za mtandaoni. Kuna kundi letu la wapenzi wa mashine hizi, wengine wako Arusha, wengine Ulaya huko, na mimi nilikuwa nikiwarushia picha za kazi zangu wanisifie. Nilikuwa nasema kuanzia Biharamulo mpaka Ngara hakuna mwingine anayeiweza kazi hii. Na kweli hakuna, kwa sababu mtu mwenye akili zake atapoteza siku tatu kwa kitu kama hicho kwa nini?

Nakueleza haya ili ujue nilivyokuwa na majivuno. Kisa chenyewe kinaanzia hapo.

Mwanzoni mwa masika alikuja bibi mmoja, mwembamba, amejifunga kitenge vizuri, amekumbatia mfuko wa mbolea kama mtu aliyebeba mgonjwa. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayefufua hizi?"

Akaufungua mfuko. Ndani mlikuwa na nailoni, ndani ya nailoni kanga, ndani ya kanga kompyuta. Ilikuwa nzima, haijapasuka hata kitufe kimoja. Pamoja nayo kulikuwa na kaseti moja.

Bibi huyu aliitwa Leokadia, wa Ntobeye kule Ngara. Alikuwa amepanda pikipiki kutoka kijijini, kisha gari mbili, kwa sababu kijana mmoja wa kwao alimwambia fundi wa vitu vya namna hiyo yuko Nyakanazi. Mume wake, Mwalimu Anatoli, sasa marehemu, alikuwa katekista wa kigango chao, kanisa dogo la kijiji. Padri mmoja mgeni alipokuwa anarudi kwao zamani hizo, alimwachia ile mashine. Mwalimu akawa anaipeleka parokiani penye jenereta na TV, anapewa saa moja kila Jumapili. Unajua alikuwa anaandika nini? Makaburi ya kigango. Nani amezikwa, mstari wa ngapi, kaburi la ngapi.

"Daftari la kwanza lililiwa na mchwa," Bibi Leokadia aliniambia. "La pili likaliwa. Misalaba ya mbao ikaliwa yote. Mwarimu akasema, hii kaseti mchwa watashindwa." Alisema hivyo, mwarimu, kama wazee wengi wa kwetu.

Sasa kigango kilitaka kujenga kanisa kubwa, na msingi ungepita juu ya makaburi ya zamani. Watu wakatangaziwa: mwenye mtu wake aje aoneshe kaburi, marehemu achimbuliwe kwa heshima, akazikwe upya nyumbani. Wasio na ndugu watakusanywa kaburi moja na kusomewa misa. Bibi Leokadia alikuwa na mtu wake pale, Editha, mtoto wake wa kwanza, aliyefariki akiwa na miezi saba. Siku anazikwa, bibi mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali, hajitambui. Baadaye alikuwa anapajua mahali kwa msalaba. Msalaba ulipoliwa, zikabaki nyasi tupu na vishimo vinavyofanana.

"Mimi nakumbuka ilikuwa upande wa mikaratusi," alisema. "Lakini ni miaka mingi. Siwezi kuchimba kwa kukumbuka. Mwarimu aliandika wote, na Editha yumo. Nitafutie, mwanangu."

Nikamwambia, "Bibi, nenda kapumzike. Hii ni kazi ndogo."

Haikuwa ndogo, lakini niliifanya. Siku nne. Nilisafisha kibodi kitufe kwa kitufe, nikatengeneza umeme wake upya, nikatoa lile kasha la bati, nikaweka bodi. Redio kaseti yangu ilikuwa na mkanda wa kuzungushia umeyeyuka, nikakata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli. Jioni ya Jumanne nikapiga kaseti ya mwalimu. Panya wakalia dakika tisa. Halafu kwenye flati yangu yakatokea maneno: ANDIKA JINA LA MAREHEMU.

Nikaandika EDITHA. Ikaleta mstari na kaburi. Niliruka, nikaupiga ukuta kofi. Halafu nikasogea karibu na kioo kuangalia herufi zilivyonyooka, pembeni hazina ukungu, rangi haitambai. Unaona ujinga huo? Niliangalia herufi zilivyokaa, sikuangalia zilichosema. Sikuandika popote. Sikupiga hata picha.

Nikampigia bibi simu. "Inasoma, bibi. Editha yumo."

Akasema, "Usiniambie kwa simu. Jumamosi nakuja nimwone mwenyewe."

Jumatano nikataka kurekodi video ya kuwarushia wale wenzangu wa kundini. Nikataka waone picha ilivyo safi, na zaidi waone kwamba mashine inaandika kwenye kaseti, siyo kusoma tu. Kaseti tupu sikuwa nayo. Nilizunguka senta yote, watu wakanicheka: kaseti, miaka hii? Nikaitazama ile ya mwalimu. Alikuwa amevunja vile vijino viwili vya mgongoni, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Kama una umri wangu unajua dawa yake, kila nyumba ilikuwa ikifanya hivyo. Unakunja kikaratasi, unaziba kitundu, kaseti ya mtu inakuwa yako. Nikakunja kikaratasi.

Nilijiambia nitarekodi mwishoni, baada ya kazi ya mwalimu. Namba za kuhesabia mkanda kwenye redio kaseti yangu hazizunguki, kwa hiyo mwisho niliukadiria. Video ya kwanza mkono ulitikisika. Ya pili lori lilipiga honi. Nilirudia mara tano, kila mara najirudishia nyuma kidogo. Nilichoandika kilikuwa jina langu na neno FUNDI, likijirudia kioo kizima. Wakanisifu sana kundini.

Ijumaa nikasema nijaribu kidogo kabla bibi hajaja. Panya wakalia dakika tatu, kisha mlio ukabadilika. Kioo kikaonesha kosa. Nikarudia. Nikasafisha hedi inayosoma mkanda kwa spiriti, nikarudia. Mpaka saa sita usiku nilikuwa narudia. Mchwa walishindwa miaka yote ile, na mimi nikaila kwa siku moja, kwa ajili ya kusifiwa na watu ambao hata sura zao sizijui.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye aibu yenyewe. Kuharibu ni kosa, fundi yeyote anaharibu. Jumamosi asubuhi nilikuwa na nafasi ya kusema, "Bibi, nisamehe, nimeifuta." Angelia, angenitukana pengine, angerudi kwao na kumbukumbu yake ya mikaratusi, ambayo ilikuwa haki yake. Badala yake niliamka alfajiri nikaandika programu ya uongo. Mistari kumi tu. Kichwani nilikuwa nakumbuka kuna saba mahali fulani. Au nilijitungia hiyo saba? Mpaka leo sijui. Nikaandika mstari wa nne, kaburi la saba.

Alifika saa nne, amevaa nguo ya kanisani. Nilimwekea kiti mbele ya flati. Nikamwongoza kidole, kitufe kwa kitufe, akaandika mwenyewe jina la mwanawe. Jibu likatoka. Alilisoma taratibu kwa sauti, kisha akaweka kiganja juu ya kioo, akakiacha pale, machozi yanamtoka bila kelele.

Baadaye akasema, "Mstari wa nne? Huo uko upande wa barabara. Mimi nilidhani ni kwenye mikaratusi."

Nikamjibu, na neno hili ndilo ninalolisikia ninapolala: "Kompyuta haisemi uongo, bibi."

Akakubali. Nani abishane na mashine ya mume wake mwenyewe? Alipoinuka aliniambia nibaki nayo ile kompyuta, na kaseti yake. "Imeshafanya kazi yake. Itunze wewe unayeijua." Mimi niliyekuwa naitamani tangu alipofungua mfuko nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Wiki iliyofuata alinipigia. Walichimba. Miaka mingi ilikuwa imepita, na mtoto mchanga haachi kitu, wakakuta udongo mweusi na kipande cha kitambaa. Wakauchukua ule udongo kwenye shuka jeupe, wakamzika shambani kwake, kwenye migomba nyuma ya nyumba. "Sasa nalala," aliniambia. "Kila jioni nakwenda kumsalimia." Nami nikajifariji: si ni udongo tu? Udongo wa mstari wa nne na wa sehemu nyingine una tofauti gani? Mtu akitaka kujisamehe hakosi hoja.

Sasa turudi kwenye ile siku ya chai, Alhamisi moja baada ya simu hiyo. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikilizani, umeme umekatika senta nzima. Nimekaa na chai yangu. Akaingia mwanamke kijana, hajafika hata miaka ishirini na mitano, kitenge kimepauka, miguu ina udongo mwekundu mpaka magotini. Mgongoni amefunga mbeleko, lakini mbeleko yenyewe ilikuwa tupu, imelegea. Hakunisalimia. Kwetu mtu kuingia dukani bila salamu ni jambo la kukufanya uangushe kikombe, lakini nilidhani ni mvua imemchanganya. Akakaa kwenye kile kiti cha bibi.

"Washa ya mwalimu," akasema.

"Nani amekutuma, dada?"

"Washa."

"Umeme hakuna, dada. Huoni giza hili?"

Nikabonyeza swichi ili aone mwenyewe kwamba hakuna kitu. Flati ikawaka.

Cheka ukitaka. Mimi ni fundi, najua umeme unavyopita, najua haupiti mahali usipokuwepo. Taa ya duka ilikuwa imezimika, friji ya jirani imenyamaza, na kioo changu kimewaka. Redio kaseti ikaanza kuzunguka. Sikuigusa, naapa. Panya wakalia, safari hii hawakukatika. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo, mengi, ya Mwalimu Anatoli, yale niliyoyafuta. Yakasimama.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Mstari wa nne, kaburi la saba, mtoto wa Yustina. Kaburi la nane, Yustina mama yake, mpita njia, hana ndugu hapa.

Hapo ndipo nilipotambua kitu ambacho macho yalikuwa yamekiona tangu mwanzo na akili imekikataa. Nje mvua inamwagika, na kitenge chake kilikuwa kikavu. Miguu ina udongo, haina tone la maji.

"*Umwana wanje*," akasema kwa lugha ya kule Ngara, mwanangu. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, taratibu, kama anayemwelewesha mtoto wa shule. "Mwanangu umempa mtu mwingine."

Nikaangalia tena kioo: kaburi la saba.

"Mama yule si mbaya," akaendelea. "Anamwimbia vizuri. Lakini anamwita Editha. Wangu alikufa kabla hajapewa jina, hajawahi kuitwa chochote. Kila jioni anaitwa. Akizoea kuitika, hatarudi kwangu."

Nikauliza, "Na Editha?"

"Mstari wa sita, kaburi la pili. Kwenye mikaratusi. Ninamchukua mimi, maana hana mtu, lakini ananikataa. Analia usiku kucha." Akaivuta mbeleko juu ya bega kama inayoteleza. "Jumatatu wanatukusanya sisi tusio na watu. Mwambie mama yake kabla ya Jumatatu."

Hakunitisha. Hakusema nisipomwambia atanifanya nini. Kama angenitisha ningekimbilia Ntobeye siku ile ile, najijua. Aliniomba tu, kama mtu anavyomwomba fundi.

Nikashika kalamu, nikaandika nyuma ya risiti: 6, 2. Nilipoinua uso kiti kilikuwa kitupu na kioo ni cheusi. Nikatoka barazani. Nikamwuliza mama wa chipsi kama ameona mwanamke akitoka kwangu.

"Yule mwenye mtoto analia mgongoni?" akasema bila kuacha kugeuza viazi. "Ameshika njia ya Ngara. Mvua yote hii na kichanga. Wanawake wengine bwana."

Nilirudi ndani nikajifungia. Umeme uliporudi jioni nilipiga ile kaseti. Panya wakalia dakika tatu, kosa likatokea, na baada yake jina langu na neno FUNDI, basi.

Ijumaa nilikuwa na TV ya mteja. Ndivyo nilivyojiambia. Jumamosi nikaenda. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno: Bibi, nimekuja kukuambia ukweli. Nilikuwa nayasema kimoyomoyo mpaka konda akaniuliza naongea na nani.

Nilimkuta Bibi Leokadia kwenye migomba. Alikuwa amekizungushia kile kikaburi mawe meupe na kupanda maua ya manjano. Alikuwa amenenepa, niamini, uso umejaa. Alinishika mkono, akaniita mwanangu, akawaita majirani waje wamwone fundi aliyemrudishia Editha. Wakaja. Nikaletewa ndizi na maharage, nikaletewa na rubisi, ile pombe ya ndizi. Mwenyekiti wa kigango naye akafika, mzee mpole, akaniambia kuna familia nyingine tatu zinawatafuta watu wao, je, mashine ya mwalimu haiwezi kuwasaidia?

Nikasema imeharibika tena. Wote wakasikitika, wakanipa pole. Mimi ndiye niliyepewa pole.

Jua lilipoanza kushuka bibi akaniambia, "Njoo tumsalimie." Akachuchumaa kwenye yale mawe, akaita, "Editha, Editha wa mama," akaimba wimbo mfupi wa kubembeleza. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ile risiti mfukoni. Mdomo ulifunguka. Nakuhakikishia ulifunguka. Nikaona mabega yake yalivyotulia, nikaona majirani wanavyonitazama kwa heshima, na kama nitakuwa mkweli, hiyo heshima ndiyo iliyonifunga kuliko mabega. Nikasema, "Ameimbiwa vizuri, bibi."

Nilipoaga nilipitia kigangoni. Mikaratusi bado ilikuwa imesimama. Nikahesabu mistari, nikahesabu makaburi. Mstari wa sita, kaburi la pili, kulikuwa na kishimo kidogo cha nyasi, urefu wa mkono wangu. Nilisimama hapo mpaka dereva wa pikipiki akaanza kunung'unika. Nikaokota jiwe nikaliweka juu. Hilo ndilo tendo langu lote la toba, jiwe moja, na Jumatatu walipokuja kuwakusanya wasio na watu, nadhani walilisukuma pembeni kwa jembe.

Kompyuta iko kwenye mfuko wake wa mbolea, juu ya kabati. Sijaiuza, na kwenye kundi la mtandaoni nimejitoa. Kazi za mashine hizo sichukui tena, nawaambia watu spea zimekwisha. Mvua ikinyesha mchana naacha mlango wazi na kile kiti nakiweka palepale. Hajarudi. Ningependa arudi anitukane, kwa sababu kunyamaza kwake naona ni kwamba ameshakata tamaa na mimi.

Anayenitafuta ni Bibi Leokadia. Kila Jumapili baada ya misa ananipigia kunisalimia, hajawahi kukosa. Jumapili iliyopita sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuisikia. Alishusha sauti, kama mtu anayetoa siri.

"Mwanangu, usinione nimechanganyikiwa. Jana jioni nilimwita Editha. Akaitika."

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Hongera, bibi."

Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayekueleza. Nakueleza kwa sababu wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwa sababu unaweza kuwa fundi kama mimi, au karani, au muuguzi, mtu yeyote ambaye watu wanamletea kitu chao cha pekee. Ukikiharibu, sema siku ile ile, mbele yake, kabla hajakaa kwenye kiti. Usingoje upate maneno mazuri, hayapo. Kesho yake yatakuwa machache zaidi, na kutakuwa na mtu mwingine anayelipa, pengine mtu ambaye hana hata jina la kukushtakia.

Na kama unatoka Ntobeye na umemtambua bibi huyu, nakuomba usimwambie. Niachie, nitakwenda kumwambia mwenyewe. Nimekuwa nikisema hivyo tangu masika.